Majirani wa Temeke: bondia bora, mfuko wa sembe na mzani wa Mangi

*Jumamosi, jioni*

Dogo Side: Wakubwa shikamooni. Nimetulia nimeandika orodha yangu ya mabondia bora duniani, uzito wote kapu moja: 1. Usyk 2. Inoue 3. Crawford 4. Bivol 5. Bam Rodriguez. Anayebisha aje na hoja, matusi hapana.

Fundi Pikipiki: Crawford wa tatu? Dogo umekula nini mchana?

Dogo Side: Kashatundika glovu kaka. Tena ningemtoa kabisa, nimemwachia kwa heshima.

Fundi Pikipiki: Kastaafu hajapigwa hata mara moja, 42 kwa 42. Unamshushaje mtu ambaye hakuna aliyemshusha?

Mama Asha: Nyie watoto mnapanga watu ambao hata hawajui kama Temeke ipo. Haya, huyo Inoue ana kilo ngapi?

Dogo Side: Anapigana super bantam mama, mwisho kilo 55.3.

Mama Asha: Na Usyk?

Dogo Side: Yule ni uzito wa juu. Pambano la pili na Tyson Fury, Desemba 2024, alipima kilo 102 na ushee.

Mama Asha: Sasa mmoja dagaa, mwingine sangara. Mnawapikaje sufuria moja?

Mwalimu Nassoro: Mama Asha umegusa penyewe. Hiyo hesabu ya "paundi kwa paundi" ilikuja kwa ajili ya dagaa. Zamani bingwa wa uzito wa juu ndiye alikuwa mfalme, basi. Halafu akaja Sugar Ray Robinson, kilo 66 tu, anapiga ngumi ambazo watu hawajawahi kuziona. Utasemaje kwamba ni bora kuliko Joe Louis, wakati Louis akimkumbatia tu anamvunja mbavu? Ndiyo msemo ukashika kasi: tuseme wote wangekuwa kilo sawa, nani fundi zaidi?

Fundi Pikipiki: Nimeitwa?

Mwalimu Nassoro: Hujaitwa.

Dogo Side: Mwalimu, kwa hiyo mtu wa uzito wa juu asiingie kwenye orodha?

Mwalimu Nassoro: Aingie, ila alipe kiingilio. Mwenye kilo nyingi tayari ana zawadi yake. Aonyeshe kitu ambacho kilo hazikumpa.

Dogo Side: Hapo sasa. @Mangi, ule mfuko mkubwa wa sembe ni kilo ngapi?

Mangi Dukani: 25. Unachukua?

Dogo Side: Sichukui, natoa hoja 😂 Fury alimzidi Usyk paundi 55 siku hiyo. Ni mfuko mzima wa sembe wa Mangi! Kapanda nao ulingoni na bado kapoteza 116–112 kwa majaji wote watatu. Usyk huyo huyo 2018 alikuwa na mikanda yote minne ya cruiser, daraja la chini ya uzito wa juu, kule mwisho kilo 90.7. Kiingilio gani tena mnataka?

Mwalimu Nassoro: Mfuko wa sembe wa Fury ulikuwa kiunoni, Side. Haupigi ngumi ule.

Mama Asha: 🤣🤣

Dogo Side: Hata kama! Anakulalia nao raundi 12. Wewe lala na mfuko wa sembe shingoni dakika 36 uone.

Fundi Pikipiki: Dogo hapo kaongea. Ila bado nasema Crawford. Mtu katoka super welter kapanda madaraja mawili kwa mpigo, kamfuata Canelo kwenye kilo zake 76, Septemba 2025, kachukua mikanda yote, na huo ni uzito wa tatu anafanya hivyo. Na hakubebwa na kona yoyote. Alimchezesha.

Dogo Side: Canelo yupi? Yule aliyeshapigwa na Bivol 2022?

Fundi Pikipiki: Bivol ni mkubwa kwa Canelo. Crawford ni mdogo kwa Canelo. Unachanganya kupanda ngazi na kushuka ngazi.

Dogo Side: Aaah.

Fundi Pikipiki: Andika "aaah" vizuri.

Mzee Shomari: Nawasoma tangu alasiri miwani sijaiona sasa nimevaa ya bibi yenu mtanisamehe herufi

Dogo Side: Shikamoo babu.

Fundi Pikipiki: Shikamoo mzee.

Mzee Shomari: Marahaba wanangu. Mnataja kilo kama mnanunua vitunguu. Mwaka 1974 nilikuwa najifunza ngumi ukumbi mmoja hapo Keko, mimi kilo 51 na shati. Siku moja mwenzangu wa mazoezi hakuja, mwalimu akaniweka na kijana wa kilo 63 eti tuchezecheze. Nilikuwa mwepesi kumshinda. Nikampiga moja, mbili, tatu, anacheka tu. Yake moja nikaikinga, mkono wangu nimeuweka hapa sikioni kama inavyotakiwa. Ngumi yake ikaja ikasukuma glovu yangu mwenyewe ikanipiga mimi. Yaani nimepigwa na mkono wangu. Harufu ya ngozi ya ile glovu ilikaa puani siku mbili na chai ilikuwa inanuka glovu.

Mzee Shomari: Kilo 12 hizo. Na yule kijana hakuwa bondia wa kutisha hata kidogo, baadaye aliacha akawa anauza kuni

Mama Asha: Pole mzee jamani.

Mwalimu Nassoro: Mzee umenikumbusha Robinson na LaMotta. 1943 LaMotta ndiye mtu wa kwanza kumpiga Robinson kwenye ngumi za kulipwa, na alimzidi karibu kilo 7. Wakakutana mara sita jumla, Robinson akashinda tano. Mara tano, mtu mzito kuliko wewe. Ndiyo maana mimi wa kwanza wa wakati wote ni yeye, wengine wapange foleni.

Fundi Pikipiki: Mbona alishindwa kwa Joey Maxim?

Mwalimu Nassoro: Alishindwa na jua! Juni 1952, New York, joto la kuua. Refa wa kwanza alizidiwa raundi ya 10 akatolewa, akaletwa mwingine. Robinson anaongoza kwa pointi kwa majaji wote, imefika raundi ya 14 hawezi kuinuka kwenye kiti. Maxim yeye kasimama tu, mzito, katulia.

Mama Asha: Wangekuja kupigania Dar mwezi wa pili, refa wa tatu angehitajika.

Fundi Pikipiki: Sawa, ila tukienda kwa kupanda uzito, hakuna kama Pacquiao. Mkanda wa kwanza 1998 kilo 50.8. Mpaka 2010 anampiga Margarito kwenye super welter. Madaraja manane! Wengine wanapanda moja wanaita waandishi wa habari.

Mwalimu Nassoro: Pambano la Margarito lilikuwa uzito wa makubaliano. Super welter mwisho ni paundi 154, wao walikubaliana 150. Mkanda ukawekwa mezani hivyo hivyo.

Fundi Pikipiki: Mwalimu, paundi nne!

Mwalimu Nassoro: Muulize Mzee Shomari kama kilo mbili ni kidogo.

Mzee Shomari: Sio kidogo. Lakini Mmanila mmsamehe. Pale ulingoni usiku yule Margarito wa Mexico alishakula akashiba, alikuwa amemzidi kilo mbali sana, na bado uso wake ulivyotoka mliuona

Dogo Side: Babu, Pacquiao sio wa Manila, ni wa kusini huko visiwani.

Mzee Shomari: Ndio huko huko

Zuu wa Mama Asha: Samahani wakubwa, naingilia. Mmesema Crawford kachukua mikanda yote katika uzito wa aina tatu, mnashangilia. Claressa Shields alishafanya. Middle 2019, super welter 2021, uzito wa juu Februari 2025. Crawford uzito wake wa tatu kaupata Septemba. Yaani dada kamtangulia miezi saba na medali mbili za dhahabu za Olimpiki juu. Mbona hayumo hata kwenye orodha ya mtu mmoja?

*(dakika 11 kimya)*

Mama Asha: Mwanangu huyo. Nimemzaa mwenyewe.

Fundi Pikipiki: Network ilikata.

Zuu wa Mama Asha: Kwa wote kwa pamoja?

Dogo Side: Dada Zuu nakubali, ila wanawake wana orodha yao.

Zuu wa Mama Asha: Si mnasema orodha hii ni ya kufuta tofauti za mwili? Kilo mnafuta, hii nyingine inawashinda kufuta?

Mwalimu Nassoro: Naahirisha kujibu.

Mgosi wa Tanga: Nimetoka kazini nakuta ujumbe 140. Mbona sioni Mtanzania? Mwakinyo Septemba 2018 kaenda Birmingham, nyumbani kwa Sam Eggington, kamchapa TKO, refa kasimamisha, raundi ya pili. Kaitwa kama wa kujaziwa tu!

Fundi Pikipiki: Na Liverpool 2022 kwa Liam Smith?

Mgosi wa Tanga: Hayo tuyaache.

Dogo Side: Mandonga mmemweka wapi? Ngumi yake ile ya Sugunyo, Nairobi Januari 2023, Wanyonyi mpaka leo anauliza imetokea wapi.

Mama Asha: Huyo ndiye namjua mimi. Mtu kazi!

Mzee Shomari: Kama ni Mtanzania wa kilo zote kwangu ni Titus Simba. Edinburgh 1970, Jumuiya ya Madola, fedha. Fainali alipigwa na John Conteh, na Conteh baadaye akawa bingwa wa dunia, kwa hiyo hakupigwa na mpita njia

Mwalimu Nassoro: Mzee naomba nipite juu yako kidogo. Michael Yombayomba. Kuala Lumpur 1998, Madola hiyo hiyo, bantam, kilo 54. Dhahabu.

Dogo Side: Nani?

Mwalimu Nassoro: Umeona? Wewe Side unajua uzito wa Fury siku ya Desemba 2024 mpaka paundi, kwa Kiingereza. Mtu wa kilo 54 aliyerudi nyumbani na dhahabu unauliza "nani". Angekuwa na kilo 100 angekuwa na sanamu.

Dogo Side: Mwalimu mimi 1998 sikuwa nimezaliwa.

Mwalimu Nassoro: Robinson je, ulikuwa umezaliwa?

Mgosi wa Tanga: Kwa Tanzania mimi nabaki na Mwakinyo. Dhahabu ya ridhaa ni raundi chache tu, hii ya kulipwa ni shughuli ya usiku mzima.

Mwalimu Nassoro: Mwakinyo mwenyewe pale alitumia raundi mbili.

Mgosi wa Tanga: 😑

Fundi Pikipiki: Mimi sitaki ya kusimuliwa. Mimi ni middle, kilo 75. Dogo ni kijiti. Nimpige mkono mmoja umefungwa nyuma, tuone paundi kwa paundi inamsaidiaje.

Dogo Side: Middle wewe? Twende kwenye mzani wa magunia wa Mangi, sasa hivi.

Mama Asha: Twendeni. Nafunga genge kwa dakika tano.

*Jumamosi, usiku*

Zuu wa Mama Asha: 📷 Picha

Zuu wa Mama Asha: Matokeo rasmi. Dogo Side kilo 58. Fundi "middle" kilo 83.

Mwalimu Nassoro: Middle mwisho 72.6. Kwanza hata hiyo 75 aliyoitaja ilishampitisha. Super middle 76.2. Light heavy 79.4. Fundi, wewe ni cruiser, karibu kwa Usyk.

Fundi Pikipiki: Nilikuwa na buti, na spana mfukoni.

Dogo Side: Spana ya kilo nane ya kufungulia meli?

Mama Asha: Hiyo ni chipsi mayai ya saa nne usiku. Namuona mimi, namuuzia mimi.

Mzee Shomari: Aanze kuruka kamba alfajiri. Usiku mwema nimeshindwa na miwani

*Jumapili, asubuhi*

Mangi Dukani: Habari za asubuhi. Nani jana alikuwa anarukaruka juu ya mzani wangu?

Dogo Side: Fundi, babake. Alisema anatikisa spana zidondoke.

Mangi Dukani: Sindano haijarudi sifuri. Imelala kwenye kilo mbili. Nimeshapima mchele wa watu sita tangu saa moja.

Mama Asha: Nilichukua kilo kumi mimi!!

Mangi Dukani: Umechukua nane mama. Njoo nikumalizie.

Fundi Pikipiki: Subirini kwanza. Kama mzani ulikuwa umezidisha mbili, basi jana mimi nilikuwa 81!

Mwalimu Nassoro: Light heavy mwisho 79.4.

Fundi Pikipiki: Na buti nimetoa?