Swali likiwa katikati ya sentensi, alama ya kuuliza inakaa wapi?

katibu_wa_kikundi:
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Mi ndo katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kila Jumapili naandika muhtasari alafu naurusha kwenye grupu la WhatsApp. Wiki iliyopita niliandika hivi: Mwenyekiti akamgeukia mweka hazina hela zote zimeingia benki mweka hazina akanyamaza. Sasa mwenyekiti alikuwa anauliza, ila wasiokuwepo wakasoma wakaelewa kathibitisha, kesho yake wanakuja kudai mikopo na hela hazijafika, mweka hazina wa watu akalia. Inaniuma sana. Alama ya kuuliza niliiogopa kwa sababu sentensi ilikuwa bado inaendelea, ningeiweka wapi?

mwl_mstaafu:
Pole sana katibu. Kiswahili hakigeuzi maneno ili kuuliza, "Zimeingia." na "Zimeingia?" ni herufi zilezile, tofauti iko kwenye sauti tu, na kwenye karatasi sauti ni hiyo alama, ukiiacha umebadilisha maneno ya mtu. Andika: Mwenyekiti akamuuliza mweka hazina, "Hela zote zimeingia benki?" Mweka hazina akanyamaza. Alama inakaa ndani ya alama za kunukuu maana swali ni lake yeye, na usiongeze nukta nyuma yake. Ukianza na swali: "Hela zote zimeingia benki?" mwenyekiti akauliza. Hapo hakuna mkato, na mwenyekiti ni kwa herufi ndogo. Ila ukiuliza wewe kuhusu kauli ya mwingine, alama inatoka nje: Nani alisema, "Hela zimeingia"?

nyuki_dume:
Shikamoo mwalimu. Mi naona kwenye muhtasari bora atumie usemi wa taarifa, Mwenyekiti aliuliza iwapo hela zote zilikuwa zimeingia benki. Nukta basi. Wengi wakiona neno aliuliza wanapachika alama ya kuuliza hapo mwisho, si sawa, hiyo sentensi inasimulia tu kwamba kuna swali liliulizwa.

mwl_mstaafu:
Marahaba. Kweli kabisa, kwa muhtasari hiyo ndo salama zaidi. Maneno yenyewe ayanukuu pale tu yanapoweza kuleta ubishi baadaye.

katibu_wa_kikundi:
Asante mwalimu, asante ndugu. Na hii je: Swali likabaki nani ana risiti ya benki, tukaahirisha kikao?

mwl_mstaafu:
Hapo alama umeipeleka kwenye kuahirisha, wakati swali ni la risiti. Weka nukta pacha: Swali likabaki: nani ana risiti ya benki? Tukaahirisha kikao. Na ukitumia je mwanzoni mwa swali, mkato wake usiusahau, Je, nani ana risiti?

katibu_wa_kikundi:
Nimeelewa. Nimeshaandika upya: Mwenyekiti akamuuliza mweka hazina, "Hela zote zimeingia benki?" Mweka hazina akanyamaza. Nimeurusha grupuni sasa hivi na maelezo kwamba kosa lilikuwa langu, na mweka hazina nimempigia mwenyewe kumwomba radhi.