Naomba ushauri: upepo wa tairi na hili joto, nashuka Mombasa

Wadau habari zenu. Hii Februari jua limezidi hata hapa Nairobi, na nataka kushuka Mombasa na familia, gari itajaa watu na mizigo, sasa kinachonisumbua ni tairi. Kibandiko cha kwa mlango wa dereva kinasema upepo uwe 32 psi (kipimo cha presha), ikibeba mzigo 35, lakini kijana wa upepo pale petroli stesheni ananiambia nipunguze hadi 28 ati kwa sababu joto linafanya hewa ifure na tairi itapasuka nikifika Mtito Andei. Mimi nimekuwa nikisikia kinyume, kwamba tairi yenye upepo kidogo ndio inajikunja sana ubavuni, inachemka, alafu inalipuka, na kwamba upepo unapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi kabla gari haijatoka. Nani yuko sawa hapa?

Pia tairi za nyuma bado ziko na meno poa lakini ukiinama na tochi ya simu unaona vinyufa vidogo vidogo vimezunguka karibu na rimu, na ile namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni inaishia 1817, yaani zilitengenezwa wiki ya 18 ya 2017. Fundi anasema hazina shida, bibi yangu anasema hapandi (na kusema kweli naegemea upande wake).

Na hizi tairi za mtumba za Japani mnaziamini kwa hiyo barabara ama nijikaze tu ninunue mpya?