UKOO WA BIBI KOROGWE

*Jumamosi*

06:12 Ma Mdogo: Asalaam aleykum ukoo. Shikamoo Baba Mdogo. Nipo kwa Mama tangu jana. Chini ya godoro nimekuta mfuko wa rambo wa antibiotiki: amoksilini 9, Cipro 4, Azuma kimoja kati ya vitatu, Flagyl sijui ngapi. Anasema akipata nafuu anaacha, zinazobaki anamgawia jirani.

06:13 Ma Mdogo: 📷 Picha

08:40 Binamu Dodoma: 😂😂 Bibi kafungua duka la dawa muhimu

08:41 Ma Mdogo: Usicheke mwanangu. Mkojo unamuunguza tangu mwezi wa pili. Zamani Cipro ilikuwa inamsaidia, sasa anameza na bado inauma. Nani alimpa kondakta zile Cipro?

09:27 Mjomba: Mimi. Mama alinipigia saa tano usiku analia. Ulitaka nimwambie asubiri cheti cha daktari? Dukani hata hawakuuliza mgonjwa ni nani, waliniuliza tu nataka za shilingi ngapi.

09:31 Dada Zuhura: Shikamoo Mjomba. Nipo kaunta ya dawa kila siku, nayaona haya. Mtu ana mafua anataka Azuma. Mafua ni virusi, Azuma haiui virusi. Na huo mkojo uoteshwe maabara kabla Bibi hajameza kitu kingine. Majibu ni siku mbili tatu, yanaonyesha ni mdudu gani na dawa ipi bado inamuua. Hii ya kubahatisha ndiyo inayoleta usugu, wadudu wanaizoea dawa.

09:33 Binamu Dodoma: Na kuku wa Mjomba waoteshwe, wanakunywa antibiotiki ya OTC kuliko maji 🐔

09:34 Mjomba: Kuku wangu waache.

09:36 Dada Zuhura: Hao nao wamo Mjomba, wasipougua wasipewe. Na mayai ya siku za dawa hayaliwi wala hayauzwi.

09:50 Ma Mdogo: Turudi kwa Mama. Jumatatu aende Tanga mjini. Nauli, vipimo na mtu wa kumshika mkono. Kila nyumba 30,000. Andikeni majina.

11:20 Ma Mdogo: Naona tiki za bluu 14.

11:58 Mjomba: Kila nyumba? Alipougua Baba nililala kwenye benchi siku 11, wengine mkaja na mchele wa msiba.

12:02 Ma Mdogo: Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu kaka. Unajua.

12:03 Shem Muheza: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

13:05 Babu Mdogo: Marahaba wote. Kaka yangu hakukosa dawa. Kile kidonda cha mguu, tangu tupo kwenye mkonge alikuwa anapasua kapsuli za rangi mbili anamwagia ule unga. Mguu ulipoanza kuoza tena wakamchoma sindano, hazikufanya kazi. Daktari aliniita pembeni akasema wadudu wamezizoea. Sikuwaambia kwa sababu siku ile mlikuwa mnagombana nani kachelewa. Mama yenu asipewe tena dawa ya dukani. Apimwe.

14:41 Mjomba: Nimesikia Baba Mdogo. Hilo sikulijua.

14:44 Mjomba: Nimetuma 60,000. Yangu na ya mwenye mtoto wa wiki tatu.

14:45 Ma Mdogo: Mtoto huyo yuko kidato cha pili kaka. Ahsante.

15:10 Dada Zuhura: Ma Mdogo, akipata homa ya kutetemeka, akitapika au akiumwa mgongo chini ya mbavu, usingoje Jumatatu. Mpeleke hapo hapo.

17:30 Shem Muheza: Ndo naingia hewani. Kuna nini?

17:32 Ma Mdogo: Soma juu.

20:16 Ma Mdogo: Nyumba 3 kati ya 9. Mama anaudai mfuko wake, anasema zile amenunua kwa pesa yake. Kakubali kwenda kama mjukuu wa Dodoma atakuja na gari.

21:48 Binamu Dodoma: Gari iko gereji Ma Mdogo 🙏 labda Jumatano