Mjadala: Namba tisa ana kazi gani siku hizi?

Mwanzisha mada: Wazee, ubishi wa jana kibandani Umoja haukuisha, nauleta hapa. Mimi nasema namba tisa, yaani straika wa kusimama kati ya mabeki akingoja krosi, zama zake zimepita. Straika Mbappé alipoihama PSG, klabu ya Paris, 2024, watu waliionea huruma. Kocha Luis Enrique akamtoa winga Dembélé pembeni akampa nafasi ya kati, na jamaa hakai huko kati! Anashuka hadi kwa viungo, beki anabaki na kitendawili: nimfuate au nibaki? Akimfuata, pengo limefunguka nyuma yake na mwenzake Doué keshaingia. Inter ya Italia walipigwa tano bila kwenye fainali ya Ulaya kule Munich, Mei 2025. Dembélé mwenyewe hakufunga hata moja. La kwanza alitia Hakimi, beki wa kulia. Beki wa kulia, ndani ya boksi!

Wa Kayole: Mambo ya babu zetu hayo. Straika Hidegkuti wa Hungaria alishuka hivyo hivyo Wembley 1953, akafunga matatu, Uingereza ikalala 6-3. Lakini usituchagulie mifano. Manchester City walianza fainali ya Ulaya 2021 bila straika, Chelsea wakawapiga 1-0. Mwaka uliofuata wakamnunua straika Haaland: mabao 36 ya ligi msimu wa kwanza, na makombe matatu. Kocha alikuwa Guardiola yule yule aliyemweka Messi katikati akiwa Barcelona, pale Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, 2009, wakashinda 6-2. Mwalimu wenu karudi sokoni kununua namba tisa, nyinyi bado mnakariri daftari lake la zamani.

Wa Huruma: Na nyumbani je? CHAN ya 2025, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Kenya yetu ilipocheza pale Kasarani, Moroko walifungwa na nani? Ogam. Zambia? Ogam tena. Straika wa kweli, mechi zote mbili 1-0. Na McCarthy, kocha wa Kenya wakati huo, alikuwa namba tisa, ana kombe la Ulaya la 2004 na Porto. Halafu mtu wa Umoja aniambie kazi hiyo imekufa.

Mwanzisha mada: Dada, hapo umenibana. Nakubali hili: pengo halifungi bao. Straika akishuka na hakuna wa kukimbilia nafasi aliyoacha, umewapunguzia mabeki kazi tu, wanakunywa chai. Timu yetu ya mtaa tulijaribu. Kwenye vumbi lile, mpira ukidunda kama sungura, pasi ya kwanza tu inapotea, na mbele hakuna mtu wa kupigiwa mrefu. Tulichapwa nne. Lakini wa Kayole, nijibu: Uhispania, fainali ya Euro 2012, Fàbregas akianza mbele, Italia wakala nne. Namba tisa alikuwa wapi?

Wa Kayole: Benchi. Torres akaingia kipindi cha pili, akafunga la tatu, akampa Mata la nne. Soma vizuri, mazee.