Yule muuza mota wa Unga Limited, eti "Hz ni namba ya kiwanda"!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi na kichwa bado kinachemka. Mnamjua. Ukishuka Unga Limited hapa Arusha huhitaji kuelekezwa, mota zimerundikwa hadi barabarani, nusu hazina feni. Mtu mzima, grisi imemganda hadi kwenye nyusi, anaonyeshwa kibati cha maelezo ya mota kimeandikwa 60 Hz, anaulizwa kwa adabu na dada mnunuzi mbele za wateja, "Kaka, hii ya Marekani kwetu itakwendaje?" Anajibu kwa sauti ya kusikika mpaka Kilombero: "Hz ni namba ya kiwanda tu, dada."

Namba ya kiwanda! Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde: Marekani ni 60, kwetu ni 50.

Kibati kilisema HP 5 (nguvu ya farasi), fezi tatu (nyaya tatu za moto), 230/460 V, 13/6.5 A, 60 Hz, 1725 rpm (mizunguko kwa dakika). Nyaya tisa. Yeye kaona 230, kakumbuka soketi ya ukutani ni 230, basi kamaliza. Kaunga 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9, halafu 4, 5, 6 kazifunga fundo moja. Hayo ni maungio ya 230. Kisha kashindilia fezi tatu! Jamani, 230 yetu ni kati ya fezi na nyutro, ule waya wa kurudishia. Fezi kwa fezi ni 400. Gawanyeni wenyewe volti kwa Hz, ndiyo inayoonyesha mzigo wa sumaku: 230 kwa 60 ni 3.8, lakini 400 kwa 50 ni 8. Chuma cha ndani kinabebeshwa sumaku zaidi ya mara mbili, kinashiba, ampea zinapaa hata puli ikiwa haina mkanda. Mota iliunguruma, ikatetemeka, moshi ukatoka kwenye matundu ya feni, na harufu ya vanishi nadhani Ngaramtoni wameipata. Yeye bado kasimama hapo hapo: "Mota ilikuwa mbovu. Hz ni namba ya kiwanda."

Kinachoniuma ni kwamba mota ile ilikuwa inafaa! Unga 4 na 7, 5 na 8, 6 na 9, kila jozi peke yake na ifunikwe vizuri, fezi ziingie 1, 2 na 3. 460 kwa 60 ni 7.7, kwetu ni 8, tofauti kama asilimia 4 tu, inabeba. Itazunguka kama 1425, itatoa HP 4 na ushee. Ovalodi, ile swichi inayokata umeme ampea zikizidi, iweke 6.5, siyo 13. Dakika kumi za kazi. Lakini namba ya kiwanda!

Mangi_wa_Kibosho: Mangi, punguza presha. Mota siyo yako, iliyoungua siyo nyumba yako, uzi mrefu hivi wa nini? Huyo dada naye kibati kakiona, kwa nini alilipa kabla ya kuijaribu?

kinu_na_mkanda: Hiyo 1425 ndiyo inayowaliza wenye mashine za kusaga. Unga unatoka taratibu, mtu anavua puli ya mota ya inchi 5 anavisha ya 6. Kasi ya kinu inarudi, sawa, na mzigo unarudi wote, wakati mota imeshapungua na feni yake inapuliza kidogo. Inaungua hivyo hivyo, ila inachelewa. Ukitaka kasi ile ile, nunua HP 7.5. Pampu ya maji ndiyo ina nafuu: kasi ikishuka hadi asilimia 83, presha inashuka hadi 69 na mzigo hadi 58. Mota inapumua, lakini tangi la ghorofani halijai.

Mleta uzi: Mnahamisha mada. Nawaambia alisema NAMBA YA KIWANDA, mbele za watu, bila aibu!

Dada_wa_Soweto: Afadhali huyo wenu. Huku Moshi kuna mwenzake anauza mota za fezi moja za 115 V, 60 Hz, pamoja na transfoma ya 110 kama ndiyo tiba. Transfoma inashusha volti, Hz haiigusi. Mota ya 115 kwa 60 ukiileta kwenye 50 inataka kama volti 96. Tafuta transfoma yenye tapu (tundu la kutolea umeme) ya volti 100, na uwezo wake uwe mkubwa, maana mota inapowaka inavuta ampea mara tano au sita ya kawaida. Drili na grainda za kaboni brashi hazijali Hz, hizo volti zikiwa sawa zinapiga kazi.

fundi_mbao_Pasua: Mnalalamikia mota za mtumba, wa kwangu aliharibu mpya! Kibati 400/690, yeye kafunga stari (ncha za koili tatu zinakutana pamoja) kwa sababu "mota zote ni stari." Iliyoandikwa 230/400 ndiyo stari kwa umeme wetu. Ya 400/690 ni delta (koili zinaungwa kama pembetatu). Ukiifunga stari, nguvu ya kuzungusha inabaki theluthi. Ubao ukigusa randa inakwama, na yeye analaumu visu vya randa.

Mangi_wa_Kibosho: Na mafundi wa kapasita je? Mota ya pampu inataka ya kukimbizia (inabaki kwenye umeme muda wote mota ikizunguka) ya 40 µF, 450 V. Wanabandika ya kuwashia (ya sekunde chache za kuanzia tu) ya 200 moja kwa moja, inapasuka na kumwaga ute ndani ya boksi.

kinu_na_mkanda: Hata hizo za 40 zina feki. Kopo kubwa, ndani kimewekwa kidogo. Pima na mita kabla ya kulipa, ikisoma chini ya 38 rudisha.

Dada_wa_Soweto: Kwa Moshi nzima zisizo feki zinapatikana wapi? Pale Mbuyuni nimeambiwa zimeisha.

kinu_na_mkanda: Njoo inbox. Beba na ile ya zamani nione mikia yake ya kuungia nyaya, ila itoe chaji kwanza kwa balbu, usiishike mikia.