Naomba ushauri: nitapimaje uhitaji wa elimu ya lishe na mazoezi shuleni?

Wadau, habari zenu. Nimo kwenye kamati ya wazazi, na nimepewa jukumu la kuchunguza kama watoto wetu wanahitaji elimu bora zaidi ya lishe na mazoezi. Mimi naamini wanahitaji, lakini kwa mwalimu mkuu lazima niende na ushahidi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kwenye ratiba yetu michezo ina vipindi viwili kwa wiki, na mitihani ikikaribia vyote vinageuzwa kuwa vya hesabu. Lishe ndiyo inaniumiza zaidi. Mtoto anakariri makundi ya vyakula bila kukosea. Mpe pakiti ya biskuti umwulize kiasi cha sukari kimeandikwa wapi, anabaki kuigeuzageuza. Mtihani unasema anajua!

Nimewaza dodoso, ila watoto hujibu wanachodhani mwalimu anataka kusikia. Kuwapima uzito nako nahofia kutawaletea kuchekwa.

Mliowahi kufanya tathmini kama hii, mlianzia wapi? Na walimu mliwashirikishaje wasijione wanakaguliwa?