Naomba ushauri: niongeze diploma ya pembeni, au nichukue yuniti za idara nyingine ndani ya digrii yangu?

Binti wa Likoni:
Asalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu hamjambo. Niko mwaka wa pili, digrii ya hisabati, chuo kiko huku kisiwani Mombasa. Somo nalipenda, lakini nikiwatazama waliomaliza kabla yangu, waliopata kazi mapema ni wale waliokuwa na kitu cha pili mkononi. Kujisajili yuniti za muhula ujao mwisho ni Ijumaa.

Baba mdogo aniambia nichukue cheti cha forodha. Rafiki zangu wawili wameanza CPA, ile ya uhasibu. Mimi moyo wangu uko kwenye kompyuta, na idara ile yakubali wanafunzi wa hisabati. Mama auza mahamri na mbaazi, na karo ya digrii yenyewe twaisukuma kwa shida. Sitaki kumbebesha mzigo wa pili halafu karatasi ije ikae kabatini. Na masomo ya jioni ina maana nivuke feri usiku. Nishike lipi?

Kilindini88:
Waaleikum salaam mwanangu. Niko kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini mwaka wa 19 huu. Cheti anachokisema baba yako mdogo bila shaka ni EACFFPC, cheti cha mawakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo. KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato, wanakifundisha hapa hapa Mombasa na kinatambulika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usikidharau. Ila kimeundwa kwa ajili ya wakala wa forodha: kuainisha bidhaa, kukokotoa ushuru, sheria ya forodha ya 2004. Ukikisoma bila kukanyaga ofisi ya wakala, mwaka ukipita nusu umeshasahau.

Tunachokosa ofisini kwetu ni mtu wa hesabu. Mtu wa kukaa na makontena ya miezi sita, mpaka atwambie ni mizigo ya aina gani inayochelewa na gharama za storeji zinatula wapi. Kijana wa namna hiyo hutoka kwenye hisabati iliyochanganywa na kompyuta. Soma hizo, likizo ndefu omba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa wakala. Cheti utakifuata ukishaajiriwa.

Mkaguzi Ganjoni:
CPA si nyongeza, dada. Ni safari ya ngazi tatu, na Kasneb, bodi ya mitihani yake, wana ada ya mitihani na ada ya kuhuisha usajili kila mwaka. Kama uhasibu hauko moyoni, usiingie kwa kufuata marafiki.

Mwalimu wa Kisauni:
Mdogo wangu, nakuandikia kwa sababu hili liliniuma mwenyewe. Nilisoma hisabati na uchumi, sikufikiria ualimu kabisa. Baadaye nikautaka. Ukiwa huna digrii ya elimu, TSC, tume ya walimu, wanataka diploma ya uzamili ya elimu, ile PGDE, na juu yake masomo mawili ya kufundishia, kila moja lisipungue yuniti nane. Somo langu la pili lilikuwa na sita. Yuniti mbili tu! Nilirudi chuoni kuzilipia kutoka mfukoni, na mwaka mzima ukaniponyoka.

Kwa hiyo ukichukua kompyuta, hesabu mpaka nane, hata kama darasa huliwazii leo. Na wanaangalia pia alama za masomo hayo kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, C+ kwenda juu. Kama kompyuta hukuifanya sekondari, waulize mapema.

Mtoto wa Majengo:
Nasoma Kanada. Huku somo dogo la pili, wanaloliita "minor", lina jina lake rasmi na linaandikwa kwenye transkripti. Marekani pia, mara nyingi ni kozi tano hadi saba. Nyumbani yuniti kama hizo mara nyingi huingia kama za hiari tu, hazina jina. Kabla ya Ijumaa nenda kwa msajili umuulize neno moja: zitaandikwaje? Na diploma, kumbuka, katika KNQF, mfumo wa taifa wa kupanga vyeti kwa ngazi, ni ngazi ya 6, digrii ni ya 7. Ukishika diploma ya kawaida ukiwa na digrii hujapanda, umekwenda kando. Kwenda kando si vibaya, mradi ujue unafuata nini.

Binti wa Likoni:
Nimerudi. Nimeshinda chuoni tangu asubuhi. Jina la somo la pili halitakuwa kwenye cheti, lakini kila yuniti itaonekana kwenye transkripti na alama yake. Naruhusiwa sita mpaka nimalize, na mbili za kompyuta nilizifanya mwaka wa kwanza kwa lazima. Mwalimu, zimetimia nane! Kompyuta kwenye KCSE nilipata B. Mkuu wa idara amekubali mradi wangu wa mwaka wa nne usimamiwe na idara zote mbili. Masomo yote ni ya mchana. Nimemweleza Mama, ameshusha pumzi. Baba mdogo bado hajaridhika, nitakwenda kumwona Jumapili nimweleze kwa adabu.

Mzee wa Kilindini, naweza kukuandikia faraghani kuhusu atachimenti?

Kilindini88:
Andika, mwanangu. Barua ya chuo na bima ya atachimenti uwe nazo kabisa, maana bila bima getini hawakuruhusu.